Siku 41 za Maggie Nichols

Juni 2015, kambini kwa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani huko Texas, kocha Sarah Jantzi alimsikia binti anayemfundisha akizungumza na mwenzake. Binti huyo alikuwa Maggie Nichols, mwenye miaka 17. Mwenzake alikuwa Aly Raisman, bingwa wa Olimpiki ya 2012. Walikuwa wakiulizana kuhusu daktari wa timu, Larry Nassar: haya anayotufanyia mezani, ni matibabu kweli?

Jantzi hakuyapuuza. Alizungumza na Maggie, akampigia simu mama yake, na tarehe 17 Juni akafikisha habari kwa uongozi wa USA Gymnastics, chama kinachosimamia mchezo huo nchini. Kwa upande wa mtoto na kocha wake, kazi ilikuwa imekwisha: jambo lilikuwa limesemwa, kwa wakati, kwa watu waliostahili kuambiwa. Chama kiliifikisha taarifa hiyo FBI tarehe 28 Julai. Hapo katikati zilipita siku 41.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu Nichols hukumbukwa kwa mambo mawili yanayosimuliwa kila moja kivyake. Wapenzi wa jimnastiki ya vyuo wanamjua kama bingwa wa Chuo Kikuu cha Oklahoma aliyeondoka na mataji 8 ya taifa, mawili ya timu na sita yake binafsi. Wafuatiliaji wa kesi ya Nassar, daktari aliyekuja kuhukumiwa kwa kuwadhalilisha wasichana kingono kwa jina la tiba, wanamjua kama "Mwanamichezo A", jina la kificho lililotumika kwenye nyaraka kabla hajajitaja mwenyewe. Mimi naona ni habari moja, na ukiitenganisha huelewi kwa nini msichana aliyekuwa wa pili Marekani nzima Agosti 2015 hakuonekana kwenye Olimpiki ya Rio mwaka mmoja baadaye, wala kwa nini alichanua vile alipofika chuoni.

Alikotoka

Alizaliwa Septemba 1997 huko Little Canada, mji mdogo jirani na St. Paul katika jimbo la Minnesota. Alikulia kwenye klabu ya Twin City Twisters chini ya Jantzi. Hakuwa mtoto aliyepelekwa jimbo la mbali kutafuta kocha mkubwa, kama wengi wa kiwango chake walivyofanya. Alilala kwao, akafundishwa na mtu anayewajua wazazi wake. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini nitalirudia, kwa maana ndilo lililofanya siri ile itoke.

Mwaka 2015 ulikuwa wake. Kwenye ubingwa wa taifa alishika nafasi ya pili kwa jumla ya vifaa vyote, nyuma ya Simone Biles na mbele ya Raisman. Katika jimnastiki ya wanawake ya miaka ile, kuwa wa pili nyuma ya Biles kulimaanisha umewashinda binadamu wengine wote waliokuwa ukumbini. Oktoba alikuwa Glasgow, Uskoti, kwenye ubingwa wa dunia. Katika fainali ya timu alipewa vifaa vyote vinne: meza ya kurukia, baa mbili, boriti na sakafu. Marekani ikatwaa dhahabu, naye akaongeza shaba yake mwenyewe kwenye sakafu.

Fainali ya timu ya ubingwa wa dunia huchezwa hivi: kila nchi inapeleka watu watatu kwa kila kifaa, na alama za wote watatu zinahesabiwa. Hakuna alama ya kutupwa. Akianguka mmoja, timu nzima imeanguka. Ndiyo maana kocha hampi mtu vifaa vinne ila akiwa na hakika naye kabisa. Nichols alibebeshwa mzigo huo miezi minne baada ya taarifa yake kupelekwa, wakati ambapo FBI walikuwa hawajamhoji na chama chake kilikuwa kimemtaka yeye na familia yake wakae kimya.

Siku 41

Hapa ndipo pa kukaa, maana kisa chote kimebebwa na wiki hizi.

Kambi za timu ya taifa zilifanyika kwenye ranchi ya familia ya Karolyi, ndani ya msitu karibu na Huntsville, Texas. Wazazi hawakuruhusiwa kukaa huko. Simu za mkononi zilishika kwa shida. Aliyeongoza uteuzi wa timu, Martha Karolyi, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Wasichana walifika kila mwezi kupimwa, wakijua kwamba kila wanachokifanya, hata namna wanavyovumilia maumivu, kinaangaliwa. Katika mazingira hayo Nassar alikuwa mtu mzima anayetabasamu. Aliwaletea vitafunwa, aliwasikiliza, aliwahurumia. Nichols ameeleza kwamba alikuwa na miaka 15 mgongo ulipoanza kumsumbua kambini, na kwamba Nassar alifunga mlango na kushusha mapazia ya dirisha. Mtoto wa miaka 15 aliyeko msituni, mbali na mama yake, anayehitaji mgongo upone ili asipoteze nafasi, atajuaje kwamba alichofanyiwa si tiba? Tena aliyemfanyia ana shahada ya udaktari ukutani na bendera ya taifa kifuani.

Kwa hiyo maneno yalipomfikia Jantzi, yalikuwa yamevuka vizuizi vingi. Yalihitaji msichana mmoja amwamini mwenzake kiasi cha kumuuliza, yakahitaji kocha aliyekuwa karibu na asiyeogopa kumuudhi mwenye ranchi. Kocha wa mbali, aliyepewa mtoto wa watu kumtengenezea medali, huenda angejikohoza na kupita. Jantzi alikuwa amemlea Maggie kimchezo na alijua nyumbani kwao ni wapi.

Chama kilipopokea habari kilifanya nini? Kilimwajiri mchunguzi binafsi, mtaalamu wa malalamiko ya kazini, awahoji wasichana kwanza. Maelezo ya chama baadaye yalikuwa kwamba kilitaka kuwa na uhakika kabla ya kwenda kwa vyombo vya dola. Sikubaliani nayo hata kidogo. Makao ya chama yalikuwa Indianapolis, jimbo la Indiana, na sheria ya jimbo hilo inamtaka mtu yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto amedhulumiwa aripoti mara moja kwa polisi au ustawi wa watoto. Sheria haimtaki awe na uhakika. Uhakika ni kazi ya polisi. Chama kinapojipa kazi ya kumchunguza daktari wake mwenyewe, hiyo ni kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Wakati huohuo wazazi wa Nichols walikuwa wanasubiri. Kwa maelezo ya mama yake, rais wa chama, Steve Penny, aliwaambia wasizungumze na yeyote kwa kuwa jambo linashughulikiwa, nao wakaamini. Watu wengi wamewauliza kwa nini hawakwenda polisi wenyewe. Swali hilo linaniumiza, kwa sababu linamhamishia mzazi lawama ya aliyempa neno lake. Mzazi huyu alikuwa na binti anayekaribia Olimpiki, na aliyekuwa anamwambia atulie ndiye kiongozi wa chama kinachoamua nani anakwenda Olimpiki. Hata kama Penny hakutamka tishio lolote, mizani ilikuwa imelala upande mmoja tangu mwanzo.

Nassar naye aliondolewa kimyakimya. Majira ya joto ya 2015 alikosekana kwenye mashindano kwa visingizio vilivyopangwa, na Septemba akatangaza kwamba amestaafu kazi ya timu ya taifa, kama mtu aliyechoka kwa utumishi mwema. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alikokuwa mwajiriwa, hakikuambiwa. Akaendelea kupokea wagonjwa pale hadi mwishoni mwa Agosti 2016.

Na FBI? Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyotoka Julai 2021, inasomeka kwa uchungu. Ofisi ya Indianapolis ilimhoji mwanajimnastiki mmoja tu, McKayla Maroney, kwa simu, Septemba 2015, na mahojiano hayo hayakuandikwa rasmi mpaka miezi 17 baadaye. Nichols hakuhojiwa. Mkuu wa ofisi hiyo, Jay Abbott, alikuwa akizungumza na Penny kuhusu uwezekano wa kupata kazi katika Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Ripoti, ikinukuu nyaraka za mahakama, inasema kwamba kati ya Julai 2015 na kufichuliwa kwake 2016, Nassar anadaiwa kuwadhulumu wanamichezo wengine wapatao 70 au zaidi. Siku 41 za chama zilizaa zaidi ya mwaka mzima wa FBI.

Goti, San Jose na orodha

Machi 2016 Nichols alikuwa bado yuko juu. Kwenye Kombe la Marekani alishika nafasi ya pili nyuma ya Gabby Douglas. Aprili, akiwa mazoezini, alichana gegedu ya goti la kulia akifanya mruko wa mezani wenye mizunguko miwili na nusu, mmoja wa migumu iliyokuwa ikifanywa wakati huo. Akafanyiwa upasuaji. Juni, kwenye ubingwa wa taifa, alishindana kwenye baa na boriti tu. Julai alisimama kwenye mchujo wa Olimpiki huko San Jose, California, akafanya vifaa vyote vinne, ingawa mruko wa mezani ulikuwa umepunguzwa nusu mzunguko. Alimaliza wa sita.

Timu ilikuwa ya watu watano: Biles, Raisman, Douglas, Laurie Hernandez na Madison Kocian. Wa akiba watatu: MyKayla Skinner, Ragan Smith na Ashton Locklear. Nichols hakuwemo popote.

Je, alinyimwa kwa sababu alisema? Wazazi wake wameeleza wazi kwamba wanaamini hivyo. Nimelipima jambo hili kwa kadiri ninavyoelewa mchezo wenyewe.

Ukiangalia kimchezo peke yake, uteuzi ule unaelezeka. Timu ya watano inayopeleka watatu kila kifaa hutafuta watu wanaojaza pengo, na pengo la Marekani lilikuwa kwenye baa. Kocian alikuwa amegawana dhahabu ya dunia ya baa kule Glasgow. Douglas alimaliza wa saba, nyuma ya Nichols, lakini baa zake zilikuwa na alama kubwa. Skinner aliyemaliza wa nne aliachwa kwenye akiba. Basi nafasi ya mtu kwenye jedwali la mchujo haikuwa ndiyo iliyoamua, na Nichols, mwenye goti lililofunguliwa miezi mitatu nyuma, alikuwa amepoteza ule mruko uliokuwa silaha yake.

Hayo yote ni kweli, na bado hayaniridhishi. Uamuzi ulifanywa na kamati, ndani ya chumba, na sababu hazikuwekwa mezani. Kamati hiyo ilikuwa ya chama kilekile kilichokalia malalamiko yake. Siku ile ya Julai 2016 umma ulikuwa haujui lolote kuhusu Nassar; gazeti la Indianapolis Star lilianza kuchapisha habari za chama hicho Agosti, na Rachael Denhollander, mwanajimnastiki wa zamani na mmoja wa waathirika, alimtaja daktari kwa jina Septemba. Daktari mwenyewe alikuwa bado kazini Michigan. Aliyekuwa amesema alikuwa anapimwa na waliomnyamazisha, mbele ya kamera, na hakuna mtazamaji aliyejua. Hata kama kila mjumbe alipiga kura kwa dhamiri safi, Nichols hataweza kujua, na sisi hatutaweza kujua. Kosa lililofanywa hapo halihitaji ushahidi wa kulipiza kisasi. Kumwacha mlalamikaji chini ya mikono ya aliyelalamikiwa, akiamuliwa hatima yake gizani, ni dhuluma inayojitosheleza.

Alitangaza kuachana na jimnastiki ya kimataifa mara baada ya mchujo. Alikuwa na miaka 18.

Oklahoma

Msomaji asiyeujua mchezo wa vyuo anaweza kudhani kwamba kwenda chuo ni kushuka daraja. Kwa ugumu wa mbinu, ndiyo, ni chini kidogo. Ila ni mchezo mwingine kwa roho yake.

Kimataifa, tangu 2006, alama hazina kikomo: ugumu unahesabiwa peke yake na ubora wa utekelezaji peke yake, kisha vinajumlishwa. Vyuo vilibaki na alama ya 10, ambayo hata mtoto jukwaani anaielewa. Timu inapanga watu sita kila kifaa na kuhesabu alama tano bora, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuteleza na wenzake wakambeba. Mashindano ni karibu kila wiki, Januari hadi Machi, kisha mtoano hadi Aprili. Saa za mazoezi zina kikomo cha 20 kwa wiki kwa kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, wakati msichana wa kiwango cha Olimpiki huvuka 30 bila kushangaza mtu. Na kila Ijumaa au Jumamosi matokeo yanaonekana kwenye ubao. Anayeachwa nje wiki hii anajua alama zake za wiki iliyopita.

Kwa mtu aliyetoka alikotoka Nichols, hilo la mwisho si dogo. Alifika Norman, Oklahoma, msimu wa vuli 2016, akiwa chini ya kocha K.J. Kindler, mwenye jina la kujenga timu zinazotua kwa utulivu na zenye mistari safi ya mwili. Nichols aliingia humo kama aliyekuwa anasubiriwa. Aprili 2017, mwaka wake wa kwanza, Oklahoma ilitwaa ubingwa wa taifa huko St. Louis. Katika miaka yake chuoni alipata 10 kwenye kila kifaa kati ya vinne, kitu ambacho wanajimnastiki wachache sana wa vyuo wamekifanya.

Waliomwona wakati huo wanakumbuka kitu kimoja zaidi ya kingine: hakutetereka. Kuna wanajimnastiki wanaokushangaza kwa hatari. Nichols alikushangaza kwa kukuondolea wasiwasi. Akikimbilia meza, ulijua atatua na miguu itabaki pale ilipotua. Ni ustadi usiouzwa sana mitandaoni, lakini ndio unaoshinda ubingwa wa timu, na ni ustadi uleule uliomfanya apewe vifaa vinne Glasgow.

Mwaka 2018 unastahili aya yake. Tarehe 9 Januari, msimu ukiwa ndio umeanza, alitoa taarifa kwa umma: Mwanamichezo A ni mimi. Alieleza kwamba hadi wakati ule alikuwa anatambulishwa kwa herufi, naye alitaka watu wajue kuwa ana jina. Wiki hiyohiyo alikuwa mazoezini na darasani. Siku chache baadaye mahakama ya Lansing, Michigan, ilianza kusikiliza waathirika kabla ya hukumu ya Nassar, na waliozungumza au kusomewa maelezo yao walifika 156. Maelezo ya Nichols yalisomwa na mama yake. Tarehe 24 Januari Jaji Rosemarie Aquilina akamhukumu Nassar kifungo cha miaka 40 hadi 175, juu ya miaka 60 aliyokwisha kupewa na mahakama ya shirikisho kwa picha za ngono za watoto.

Miezi mitatu baadaye Nichols alikuwa bingwa wa taifa wa vyuo kwa jumla ya vifaa vyote. Timu yake ilikosa taji kwa nywele: Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles (UCLA) 198.075, Oklahoma 198.0375. Peng-Peng Lee wa UCLA, Mkanada aliyekuwa anamaliza chuo, alipanda boriti wa mwisho kabisa akapata 10. Ni mojawapo ya fainali nzuri kuliko zote za mchezo huo, na nasikitika kila inaposimuliwa bila kutaja kwamba upande wa pili kulikuwa na binti aliyebeba msimu huo akiwa na hayo yote mgongoni.

2019, huko Fort Worth, Texas, hakukuwa na mvutano. Oklahoma ilishinda kwa 198.3375, pengo la zaidi ya nusu alama mbele ya LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, na katika hesabu za jimnastiki ya vyuo hiyo ni mbali sana. Nichols alitetea taji lake la jumla.

Mwaka wa nne haukufika mwisho. Machi 12, 2020 NCAA ilifuta mashindano yote ya msimu kwa sababu ya korona, na wanamichezo wa michezo ya majira ya baridi hawakupewa mwaka wa nyongeza. Hakupata nafasi ya kutwaa taji hilo la jumla mara ya tatu. Pia alimaliza mwaka mmoja tu kabla ya Julai 2021, vyuo viliporuhusu wanamichezo kulipwa kwa jina na sura zao. Suni Lee, binti wa St. Paul aliyefunzwa kwenye klabu iliyoko Little Canada, alishinda dhahabu ya Olimpiki 2021 kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn akiwa huru kupata mikataba. Nichols alicheza miaka yake yote kwa ufadhili wa masomo.

Chuo si malaika

Ingekuwa rahisi kukifunga kisa kwa kusema kwamba chama kilikuwa kibaya na chuo kikawa kizuri. Ukweli unakataa. Nassar alikuwa mwajiriwa wa chuo. Katika Jimbo la Michigan kulikuwa na wasichana waliosema walimweleza kocha wa jimnastiki wa chuo hicho tangu 1997. Mwaka 2014 mhitimu mmoja alilalamika rasmi, chuo kikachunguza na kumsafisha daktari, kisha kikamrudisha kazini. Mwaka 2018 kilikubali kulipa dola milioni 500 kwa waathirika. Kwa hiyo neno "chuo" halimlindi mtu.

Tofauti ninayoiona iko kwenye funguo. Kwenye ranchi funguo zote zilikuwa mfuko mmoja: mlango wa kambi, matibabu, uteuzi, na sikio la kupokea malalamiko. Michigan nako kulikuwa na mfuko wa namna hiyo, kwani daktari alichunguzwa na mwajiri wake, huku wenzake wa kazi wakiitwa kueleza kama tiba yake ni ya kawaida. Oklahoma, Nichols alikuwa mtu mzima, mwenye simu inayoshika, wazazi wanaoweza kukaa jukwaani kila wiki, na nafasi kwenye timu inayotokana na alama alizoziona yeye mwenyewe. Sidai kwamba Oklahoma haiwezi kukosea. Nasema tu kwamba pale hakuna mtu mmoja aliyemshika kila mahali kwa wakati mmoja.

Sheria ya Marekani ilibadilika baadaye kwa mwelekeo huo. Tangu Februari 2018, watu wazima walioidhinishwa kufanya kazi na watoto katika michezo ya Olimpiki wanatakiwa kuripoti shaka ya udhalilishaji ndani ya saa 24, na kuna kituo cha nje ya vyama, SafeSport, kilichofunguliwa 2017 kushughulikia malalamiko. Kituo hicho kimelaumiwa kwa uzito wa mwendo, na lawama hizo ni za haki. Bado saa 24 ni tofauti kubwa na siku 41, na kubwa zaidi ni kwamba chama hakiruhusiwi tena kuanza kwa kumchunguza mtu wake chenyewe.

Septemba 15, 2021 Nichols aliketi mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti, Washington, pamoja na Biles, Raisman na Maroney. Biles na Raisman walivuta kamera nyingi. Nichols alizungumza kwa kifupi, kwa utaratibu. Aliwaeleza maseneta kwamba ni zaidi ya miaka sita tangu aripoti, na kwamba familia yake bado ina maswali mengi kuliko majibu: nani alijua nini, na kwa nini ripoti yake ilifichwa. Mkurugenzi wa FBI, Christopher Wray, aliwaomba radhi siku hiyo. Afisa mmoja aliyehusika alikuwa amefukuzwa kazi wiki chache kabla. Abbott alikuwa amestaafu tangu 2018.

Desemba 2021 USA Gymnastics na Kamati ya Olimpiki zilikubali fidia ya dola milioni 380. Mei 2022 Wizara ya Sheria ilitangaza kwamba haitawashtaki maafisa wale wawili wa zamani. Aprili 2024 wizara hiyohiyo ilikubali kulipa dola milioni 138.7 kumaliza madai 139 ya waathirika dhidi ya FBI. Maswali mawili ya Nichols hayamo kwenye makubaliano hayo, na kati ya watu walioshika taarifa yake katika siku zile 41, hakuna aliyehukumiwa kwa kuichelewesha.